Mgodi wa Kubuni, Lenzi ya Kweli: Kwa Nini Tunazitia Picha za Kompyuta Kasoro kwa Makusudi

Tuseme kuna lundo la marudio nje kidogo ya mji wa Geita. Kama hujawahi kufika huko, marudio ni ule mchanga unaobaki baada ya wachimbaji wadogo kusaga mawe kwenye karasha, kuyaosha na kukamata dhahabu ya kwanza kwa zebaki. Ndani yake bado kuna dhahabu, kwa hiyo mchanga huo una bei: unauzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi. Muuzaji na mnunuzi lazima wakubaliane lundo lina ujazo gani. Njia ya haraka siku hizi ni kurusha droni, kupiga picha mia mbili hivi kutoka juu, na kuiachia kompyuta ijenge umbo la lundo kutokana na picha hizo.

Sasa swali: utajuaje kwamba kompyuta imepima sawasawa? Lundo la kweli halijaandikwa jibu pembeni. Hakuna mtu aliyelipima debe kwa debe ili tulinganishe.

Njia moja nzuri ni kutengeneza lundo la kubuni. Ndani ya programu ya michoro ya pande tatu, mfano Blender ambayo ni ya bure, unachora lundo la mita 100 kwa mita 100 lenye kimo cha mita 3. Ujazo wake unaujua: mita za ujazo 30,000, kwa sababu wewe ndiye uliyelichora. Kisha unairusha droni ya kubuni juu yake, inapiga picha za kubuni, na picha hizo unaipa programu ileile inayotumika kwenye malundo ya kweli. Ikirudisha 30,000, safi. Ikirudisha 31,000, umeliona tatizo kabla halijamgharimu mtu hela. Tena majaribio haya huyafanyi kwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wala hayahitaji betri.

Ila kuna mtego. Picha zinazochorwa na kompyuta ni safi kupita kiasi. Programu ya kupimia itafaulu mtihani kwa raha zake, kisha ikifika Geita itakwama, kwa sababu picha za kule zimepita kwenye kioo, kwenye vumbi na chini ya jua kali. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni kuharibu picha. Lakini uharibifu wenyewe lazima ufuate kanuni, na makala hii ni kuhusu kanuni hizo.

Kamera isiyo na lenzi

Kwa kawaida kompyuta huchora picha kana kwamba kamera ni boksi lenye tundu dogo sana. Kutoka kila pikseli ya picha, mwale mmoja unapita kwenye tundu na kwenda moja kwa moja mpaka ugonge kitu: ardhi, jiwe, tingatinga. Kompyuta inauliza kitu hicho kina rangi gani na kimeangaziwa vipi, inapaka pikseli, inahamia nyingine.

Kamera ya namna hiyo ina sifa za ajabu. Kila kitu kinaonekana kwa ukali, kilicho karibu na kilicho mbali. Mistari iliyonyooka inabaki imenyooka. Rangi hazitengani. Kwa hesabu ni nzuri sana, lakini huwezi kuinunua dukani. Tundu dogo hivyo linapitisha mwanga kidogo mno, na ndiyo sababu kamera za kweli zina tundu pana na vioo vya kukusanya mwanga. Kila kioo kikiongezwa kinaleta tabia zake. Tuzipitie moja moja.

Mistari inapopinda

Chukua ubao wa drafti, uweke mbele ya kamera yenye lenzi pana, ujaze picha nzima. Miraba ya katikati itakuwa sawa. Ya pembeni itakuwa imevimba au imevutwa kidogo, na mistari iliyo karibu na ukingo itakuwa imepinda kama upinde. (Ukijaribu kwa simu huenda usione kitu, kwa sababu simu nyingi hunyoosha picha zenyewe kabla hazijakuonyesha.)

Kupinda huku hakutokei ovyo. Nukta ikiwa mbali na kitovu cha picha kwa umbali r, lenzi huihamisha hadi umbali mpya:

r′ = r (1 + k₁r² + k₂r⁴)

Namba k₁ na k₂ ni kama alama za vidole za lenzi hiyo. Fomula ya aina hii inahusishwa na A. E. Conrady, aliyeandika kuhusu lenzi zisizokaa sawa kwenye mhimili mwaka 1919, na Duane Brown, aliyeiendeleza miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya upimaji wa ramani kwa picha.

Tuweke namba tuone. Kamera yenye picha ya pikseli 5,472 kwa 3,648 ina pikseli kama 3,290 kutoka kitovu hadi pembe. Tuite umbali huo 1, na k₁ iwe −0.01, yaani kasoro ya asilimia moja tu. Nukta ya pembeni kabisa inasogea ndani pikseli 33. Nukta iliyo nusu ya njia inasogea pikseli 4 tu. Umbali umepungua mara mbili, kasoro imepungua mara nane. Ndiyo maana katikati ya picha hudanganya: ukiangalia hapo tu utadhani lenzi haina neno.

Almasi ya Mwadui inatufundisha nini

Kutoka Geita twende Shinyanga, wilaya ya Kishapu, kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana pale almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, akapewa Princess Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka huohuo. Ilipokatwa ilibaki karati 23.6.

Kwa nini almasi iliyokatwa vizuri inarusha cheche za rangi? Mwanga ukiingia ndani yake hupunguza mwendo karibu mara 2.4, na kwa hiyo hupinda sana. Lakini rangi zote hazipindi sawa: urujuani hupinda kuliko nyekundu. Mwanga mweupe unaingia ukiwa mmoja, unatoka umegawanyika. Tofauti hiyo kwa almasi hupimwa kuwa 0.044. Kioo cha kawaida cha lenzi kina kama 0.016, karibu theluthi yake.

Theluthi si sifuri. Kile ambacho sonara anakiuza kama uzuri, mtengenezaji wa lenzi anahangaika nacho kama kasoro. Ndani ya kamera, picha ya rangi nyekundu, ya kijani na ya bluu hazitoshani ukubwa kamili. Kwenye ukingo mkali, mfano pale ngazi ya shimo la mgodi inapokutana na kivuli chake, unaona uzi mwembamba wa zambarau au kijani. Watengenezaji huupunguza kwa kuunganisha vioo vya aina mbili vinavyopingana, mbinu ambayo John Dollond aliipatia hataza huko London mwaka 1758. Wanaupunguza, hawaumalizi.

Kuuigiza kwenye kompyuta si kazi ngumu: badala ya k₁ moja, unatumia tatu, moja kwa kila rangi, zenye tofauti ndogo sana. Ukitaka usahihi zaidi, unagawa mwanga kwenye rangi nyingi na kuupitisha kila mmoja kivyake.

Pembe zenye giza

Kasoro ya tatu ni rahisi kuiona: katikati ya picha kunang'aa, pembeni kumefifia. Kwa lenzi sahili, mwanga unaofika kwenye pikseli hupungua kwa kosaini ya pembe iliyozidishwa mara nne, yaani cos⁴. Mwale unaoingia kwa nyuzi 30 unabaki na asilimia 56 ya mwanga. Kwa nyuzi 42, ambazo ndizo pembe ya kona kwenye kamera pana ya droni, unabaki na kama asilimia 30. Lenzi za kisasa na programu za ndani ya kamera hufidia, lakini kila aina kwa namna yake.

Kwenye udongo mwekundu wa kanda ya ziwa, giza hili linaleta tabu ya pekee. Programu inayotambua vitu, mfano inayotafuta maduara ya wachimbaji ambayo hayajafukiwa, inaweza kuona kona yenye giza na kusema hapo pana shimo. Kama ilifundishwa kwa picha za kubuni zisizo na kona za giza, haina sababu ya kushuku.

Jua na vumbi

Kila mahali mwanga unapoingia au kutoka kwenye kioo kisichopakwa dawa maalumu, kama asilimia 4 hurudi nyuma. Lenzi yenye vioo 5 ina nyuso 10. Mwanga unaoruka mara mbili kati ya nyuso hizo, kisha ukafika kwenye picha, una njia 45 za kufanya hivyo. Kila njia inaacha alama yake: duara hafifu au mfululizo wa madoa yanayoelekea upande wa pili wa jua. Asilimia 4 ya asilimia 4 ni 0.16 tu ya asilimia moja, lakini jua lina mwanga mwingi kiasi kwamba hata hicho kidogo kinaonekana. Mwaka 2011 Matthias Hullin na wenzake walichapisha njia ya kuvichora vivuli hivi vya mwanga kwa haraka kwa kufuata vioo halisi vya lenzi. Kabla ya hapo wachoraji wengi walikuwa wanabandika tu maduara yanayopendeza.

Vumbi nalo. Mtu aliyetembea Geita mwezi wa Agosti, malori yakipita, hahitaji kuelezwa. Chembe ikikaa juu ya kioo cha mbele haionekani kama nukta nyeusi, kwa sababu iko karibu mno kuweza kuonekana kwa ukali. Inaonekana kama wingu hafifu: inazuia sehemu ya mwanga na kutawanya sehemu nyingine. Ubaya wake ni kwamba wingu hilo linabaki palepale kwenye kila picha. Droni imesogea mita 20, ardhi imesogea, wingu halijasogea. Programu inayotafuta nukta zinazofanana kati ya picha inaweza kudhani imepata kitu kinachosafiri pamoja na droni.

Njia mbili za kuharibu

Njia ya kwanza ni kuchora picha safi kwanza, kisha kuipinda, kuigawa rangi na kuififisha pembeni kwa fomula nilizotaja. Ni ya haraka na Blender ina kifaa chake tayari. Udhaifu wake ni kwamba picha ikishachorwa, kuna habari ambayo haipo tena. Kwa mfano, kitu kilichofichwa nyuma ya jiwe hakiwezi kuonekana tena, ilhali lenzi pana ya kweli ingekiona kidogo kwa ukingo wake mmoja.

Njia ya pili ni kuipa kompyuta lenzi yenyewe: uso wa kwanza umevimba kiasi gani, kioo kina unene gani, kinapunguza mwanga mara ngapi, baada yake kuna nafasi ya hewa ya milimita ngapi, na kuendelea hadi kioo cha mwisho. Halafu kila mwale unapitishwa humo, unapinda kwenye kila uso kwa sheria ya Snell. Hapa huongezi kasoro yoyote kwa mkono. Kupinda, rangi kutengana, ukungu wa vitu vilivyo nje ya fokasi na giza la pembeni vinajitokeza vyenyewe. Njia hii ilielezwa mwaka 1995 na Craig Kolb, Don Mitchell na Pat Hanrahan. Gharama yake ni muda, maana pikseli moja inaweza kuhitaji miale mamia.

Watu wa filamu walilijua hili mapema. Walipokuwa wanatengeneza WALL-E, iliyotoka mwaka 2008, Pixar walimwita mpiga picha wa sinema Roger Deakins awashauri, na wakafanya majaribio kwa kamera halisi ili kasoro zake waziige. Mtazamaji hajui cos⁴ ni nini, lakini jicho lake limekulia kwenye picha zilizopita kwenye vioo. Picha isiyo na dalili za kioo anaiona kama katuni.

Kosa la pikseli moja

Kwa filamu, ukikosea kidogo mtazamaji atasamehe. Kwa lundo letu la marudio mambo ni tofauti, na hapa ndipo nataka unifuate kwa makini.

Kamera yetu ina kitambuzi cha upana wa milimita 13.2 na lenzi ya milimita 8.8. Ikiruka mita 100 juu ya ardhi, picha inafunika mita 150 kwa 100, na pikseli moja ni kama sentimita 2.7 za ardhi. Droni inapiga picha kila baada ya mita 20, ili picha zifuatanazo zishirikiane asilimia 80 ya eneo. Kimo cha nukta kinapatikana kwa kuangalia imehama kiasi gani kutoka picha moja hadi nyingine, kama macho yako mawili yanavyokadiria umbali. Mita 100 ukigawa kwa mita 20 ni 5. Kwa hiyo kosa la pikseli moja ni kosa la kimo la 5 × 2.7, yaani karibu sentimita 14.

Utasema: si kuna picha mia mbili? Makosa si yatafutana? Makosa ya kubahatisha, ndiyo, hufutana. Moja linapanda, jingine linashuka. Kosa la lenzi halifutani, kwa sababu kila picha inalo lilelile, mahali palepale, upande uleule. Programu inaliona likijirudia mara mia mbili na kuamua kwamba ni ukweli. Na kwa kuwa kosa linakua kuelekea pembeni, programu inalielezea kwa njia moja tu iliyo wazi kwake: ardhi yenyewe imevimba katikati, kama bakuli lililofunikwa, au imebonyea. Mwaka 2014 Mike James na Stuart Robson, watafiti wa Uingereza, walilionyesha jambo hili kwa majaribio ya kuigiza ya kompyuta. Wakaonyesha pia kwamba ukiongeza picha zilizopigwa kwa kuinamisha kamera, badala ya zile za kutazama chini tu, uvimbe huo wa uongo unapungua sana.

Rudi kwenye lundo letu. Uvimbe wa uongo wa wastani wa sentimita 10 juu ya mita 100 kwa 100 ni mita za ujazo 1,000. Kwa tipa linalobeba mita 10, hizo ni tripu 100 za mchanga usiokuwepo. Mtu atazilipia. Ukibonyea badala ya kuvimba, mtu atazipoteza.

Na si hela tu. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka, na tope likafunika mashamba na makazi ya vijiji jirani. Sisemi kwamba picha yoyote ingelizuia. Ninachosema ni kwamba kuta za aina hiyo zinapofuatiliwa kwa picha, kinachotafutwa ni mabadiliko madogo ya umbo kati ya kipimo cha mwezi huu na cha mwezi uliopita. Kamera ileile, ikiwa haijabadilika, kosa lake linajitoa lenyewe unapolinganisha. Lakini lenzi inabadilika: joto linaitanua, droni ikitua vibaya inaisogeza. Hapo huwezi kujua kama kilichovimba ni ukuta au ni kioo, isipokuwa uwe umeshaigiza hali zote mbili kwenye kompyuta na unajua kila moja inaacha sura gani.

Ndiyo maana kubandika "chujio la picha ya zamani" juu ya picha ya kubuni hakutusaidii. Lile linatia uchafu wa kubahatisha, na uchafu wa kubahatisha ndio programu inaoumudu. Tunachotaka ni kasoro yenye umbo sahihi, kwa sababu umbo lake ndilo linalodanganya.

Wewe ufanye nini nayo?

Kama unataka kujaribu, anza na ubao wa drafti. Piga picha 15 au 20 kwa pembe tofauti, uziingize kwenye OpenCV, ambayo nayo ni ya bure, na utumie njia ya Zhengyou Zhang ya mwaka 2000. Itakupa k₁ na k₂ za kamera yako. Zichukue, uzipeleke kwenye lundo lako la kubuni, kisha zibadilishe kidogo kidogo uone ujazo unayumba kiasi gani. Laptop ya kawaida inatosha, ukiwa na subira.

Na kama wewe si mtu wa kompyuta, ila siku moja utaletewa ramani ya droni ya lundo lako, shimo lako au bwawa lililo juu ya shamba lako, kabla hujasaini uliza maswali matatu. Lenzi ilipimwa lini? Kuna picha zilizopigwa kwa kuinamisha kamera, au zote zinatazama chini? Na zile alama zilizopimwa ardhini, kuna ambazo hamkuipa programu, mkaziweka pembeni kwa ajili ya kuisahihisha? Anayejua kazi yake atakujibu yote matatu bila kukasirika.